Breki ya Kuazima

Siku Chiku alipowaandalia wageni chai bila kumwaga hata tone, bila kumkatiza mtu maneno na bila kutaja mchwa hata mara moja, mama yake mkubwa alilia. Alilia kweli, akajifuta kwa pindo la khanga, akasema mbele ya kila mtu, "Mwanvita, mdogo wangu, Mungu amekujibu. Mtoto amekuwa mtu."

Mwanvita alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu anayesifiwa kwa nguo aliyoazima.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi za alasiri, Korogwe. Juu ya mapaa vipanga vya mashamba ya mkonge, vile vyombo vya kuruka bila rubani, vilikuwa vikipita na mafungu ya nyuzi, mabawa yake manne yakivuma kama nyuki waliochoka. Chiku, miaka kumi na sita, kidato cha nne, alipiga goti mbele ya mama yake mkubwa Mwanakombo, akaamkia, akangoja aitikiwe, akainuka. Msichana huyu huyu mwaka juzi, kwenye matanga ya jirani, alimkatiza sheikh katikati ya mawaidha na kumwuliza kwa nini mbao za kaburini zilikuwa za msonobari ilhali mchwa wa Korogwe huzimaliza kwa miezi minne. Alikuwa amesema kweli. Ndilo lililowaudhi watu zaidi.

Nyuma ya sikio lake la kulia palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya ngozi, ukubwa wa punje ya mahindi. Jina lake la serikali lilikuwa refu, lakini nani ana muda na majina ya serikali? Watu walikiita kungwi. Kungwi wa zamani alikuwa mwanamke wa kukaa na mwali akimnong'oneza hili fanya, hili acha. Huyu wa sasa hakunong'ona. Alizuia tu.

"Hata vidole havichezi," alisema Mwanakombo. "Zamani vilikuwa kama kaa aliyefunuliwa jiwe."

"Dada, kunywa chai, inapoa."

"Nasema kweli au nasema uongo? Chiku, nasema uongo?"

Chiku alimtazama machoni kwa sekunde mbili kamili. "Hapana, mama mkubwa."

"Mmeona? Zamani angenieleza ukoo mzima wa mchwa, mpaka na wakwe zao."

Wageni walicheka. Chiku naye alitabasamu, nyuma yao kidogo, kama mtu anayefuata wimbo asioujua.

Hospitali walitoa karatasi akiwa na miaka kumi na minne: usonji, na pamoja nao ule upungufu wa umakini unaokwenda na mhangaiko wa mwili. Mwanvita aliisoma karatasi ile mara sita. Haikumshangaza kwamba ilimjua mwanawe. Kilichomshangaza ni kwamba kila mstari ulimjua yeye, na hakumwambia mtu.

Wageni walipoondoka, mama na binti walihamia uani. Chiku alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi; Mwanvita alichambua mchele kwenye ungo.

"Mama, yule mwalimu wa sweta la kijani anaitwa nani?"

"Wa shuleni kwenu?"

"Si wa shuleni kwetu. Wa kwenye kungwi."

"Kwenye kungwi hakuna watu, mwanangu. Mna umeme tu."

"Yumo mmoja." Chiku aligeuza kifuu, akaendelea kukuna. "Anakuja kabla sijasogeza vidole. Au nikitaka kusema kitu na wengine hawajamaliza. Sweta lake limetoboka kiwiko. Ananuka ugoro. Anasema, 'Lete mkono, we cherehani.'"

Ungo ulimponyoka Mwanvita, mchele ukamwagika mpaka chini ya karo.

Duniani hapakuwa na mtu ambaye Mwanvita aliwahi kumsimulia maneno yale. Hata dada yake hakuyajua. Mwalimu Shemhilu, aliyemfundisha darasa la tano, sweta la kijani hata mwezi wa pili jua likiwa kali. Alikufa miaka mingi iliyopita, akazikwa kwa heshima zote, na Mwanvita alikwenda matangani kwake akala wali.

"Ameanza lini kuja?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mwaka mzima, Chiku. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama kifaa kinauma. Kifaa hakiumi."

*

Watu husahau upesi, na wakubwa hutegemea hilo. Mwanvita hakuwa na kipaji hicho cha kusahau. Aliacha shule darasa la saba, akajifunza ufundi kwa kufungua pampu mbovu na vipanga vilivyoanguka shambani, akajifunza sheria kwa kusoma vitabu vilivyotupwa na ofisi ya wilaya. Miaka tisa nyuma alikuwa amewaongoza akina mama kukusanya fimbo kutoka shule arobaini, wakazirundika mbele ya ofisi ile ile na kuzitia moto. Sheria ya kupiga marufuku viboko ilipopita, mji mzima ulimpa jina: Mama Fimbo. Watoto ambao hawajawahi kuona fimbo walimsalimia kwa jina hilo sokoni.

Kisha Bodi ya Malezi ikasema, sawa, fimbo hamtaki. Walimu watawamudu vipi watoto sabini darasani? Ndipo kungwi akaletwa. Mtoto mwenye karatasi kama ya Chiku hakukatazwa shule, la hasha, Bodi ilikuwa na adabu. Iliandika tu kwamba atakaa darasa la kawaida na kufanya mtihani wa taifa "kwa masharti ya kuvaa kifaa". Na Chiku aliutaka mtihani ule kama anavyotaka hewa, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na chuo cha wadudu, na ndani ya chuo hicho, aliwahi kusema, kulikuwa na watu kumi na wanne wanaolipwa kuwatazama mchwa.

Kungwi hakuwa na utulivu wake mwenyewe. Wataalamu walijaribu kwanza kutengeneza breki kwa hesabu tupu, watoto wakawa kama magogo yaliyolowa, macho wazi na hakuna mtu ndani. Ikabidi breki iazimwe kwa ndugu wa damu. Mzazi hukaa siku saba kwenye kiti, nyaya kichwani. Mashine humwonyesha mkutano, ugomvi, mtu anayekosea jambo ambalo mzazi analijua vizuri. Humtia hamu ya kusema, hamu ya kuinuka, halafu hungoja ile nukta ambayo mwili unajizuia wenyewe. Nukta hiyo ndiyo inayonakiliwa. "Tunachukua breki, mama, hatuchukui gari," alisema fundi wa shule, msichana mmoja mpole aitwaye Leokadia.

Lakini breki ni breki. Kuna mtu anayenyamaza kwa sababu anampenda anayezungumza, na kuna mtu anayenyamaza kwa sababu aliwahi kuvunjwa kidole. Mashine haioni tofauti. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya nyaya, huuliza maswali, na ikisikia maumivu inamkataa mzazi yule na kuomba mwingine.

Iliuliza kwa Kiswahili safi, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima. "Habari za utoto wako?"

"Nzuri," Mwanvita alijibu.

"Habari za shule ulipokuwa mdogo?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Mtu yeyote wa huku anajua kwamba nzuri ni mkeka tu wa kumtandikia mgeni. Unasema nzuri hata maiti ikiwa ndani. Kinachofuata ndicho jibu: nzuri, ila mtoto kalazwa, nzuri, ila mto umepita na shamba. Waliotengeneza mashine ile walikusanya maneno yetu kwa magunia lakini hawakuwahi kukaa kibarazani wakasalimiwa. Mashine ilichukua nzuri mbili, ikaruka maswali arobaini ya maumivu, ikawasha taa ya kijani.

Leokadia alikuwa amesimama pembeni na kibao chake. "Ndiyo hivyo, mama? Hakuna la kuongeza?"

Ile ila ilikuwa ulimini. Mwanvita aliihisi kama mfupa wa samaki. Usajili wa darasa ulikuwa unafungwa Ijumaa. Na mtu ambaye mji mzima unamwita Mama Fimbo atamwambiaje msichana wa miaka ishirini na nne kwamba yeye mwenyewe bado anapigwa?

"Hakuna," alisema.

Hilo ndilo lililomla sasa, Jumamosi hii, akiokota mchele punje kwa punje. Angeweza kupanda jukwaani kesho akaitukana mashine mpaka sauti ikauke, na watu wangempigia makofi. Mashine ilidanganyika. Yeye alijua.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye chumba cha vifaa shuleni. Leokadia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Shikamoo kwanza, mama. Umeingia bila hata salamu."

"Marahaba. Nijibu."

"Haitakiwi aone sura. Watoto wengine wanahisi ubaridi tu, au tumbo kukaza." Alikiweka kibao chake mezani. "Lakini Chiku, unamjua. Kitu ambacho wengine wanakipita, yeye anakaa nacho mpaka anajua kimeshonwa kwa uzi gani."

"Kitoe."

"Naweza. Ila muhuri ukivunjika, namba yake ya mtihani inafutika hapo hapo, si mimi ninayeifuta. Mtihani ni wiki tatu. Kumtafuta ndugu mwingine, siku saba za kiti, majaribio ya siku arobaini..."

"Na nikiandika kwamba jibu langu lilikuwa la uongo?"

"Basi Bodi itakuita. Watabandika jina lako ubaoni, ndiyo utaratibu." Leokadia alitazama chini. "Mama Fimbo, sikufundishi. Ila wiki tatu si nyingi. Amevumilia mwaka. Afanye mtihani wake, halafu tutakitoa kimyakimya, mimi na wewe."

Wiki tatu si nyingi. Mwanvita alitembea nayo kauli hiyo mpaka nyumbani. Ilikuwa kauli ya akili. Mwalimu Shemhilu naye alikuwa na kauli za akili: ni kwa faida yako, utakuja kunishukuru ukubwani. Alifika, akakaa barazani, akamfikiria Chiku darasani dakika ile, na mtu yule akimsimamia kichwani, harufu yake ya ugoro, muda wa saa sita kila siku, kwa siku kumi na tano za shule zilizobaki. Hasira ilimpanda, ile hasira yake ya zamani iliyochoma fimbo za shule arobaini, na kama kawaida ilipopanda haikungoja mtu.

Chiku alirudi saa tisa na nusu, akavua viatu, akaviweka sambamba.

"Njoo hapa. Geuka."

Chiku aligeuka. Mwanvita alichukua bisibisi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akaipenyeza chini ya ile punje, akabinua mara moja. Kijitaa cha kungwi kikawa chekundu. Kikazima. Kungwi alidondoka kiganjani mwake, akiwa bado na joto la shingo ya mtoto.

Chiku alipeleka mkono sikioni. "Umefanya nini?"

"Nimekutoa mikononi mwa yule mtu."

Alingoja pumzi ya kushusha mzigo. Alikuwa ameiona tayari kichwani mwake: vidole vikianza kucheza, kicheko, pengine hata mchwa. Vidole vilianza kweli, vyote kumi, lakini uso wa Chiku ulikuwa umekunjamana kwa hofu.

"Kirudishe."

"Chiku, yule mtu alikuwa..."

"Si yeye. Mtoto. Kuna mtoto pale, mama. Umemwacha naye peke yake." Alikuwa akizunguka uani sasa, haraka, bega likigonga kamba ya nguo kila mzunguko. "Nikitulia hampigi. Nikisogeza anampiga yeye, si mimi. Nimetulia mwaka mzima. Nilisahau mara kumi na moja tu. Mara kumi na moja, na sasa hakuna mtu wa kutulia."

Mwanvita alikaa juu ya karo.

Mwaka mzima walikuwa wamemsifu. Walimu, majirani, dada yake aliyelia machozi. Mtoto ametulia, mtoto amekuwa mtu. Na mtoto alikuwa amesimama kama ukuta mbele ya mtoto mwingine, bila kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza swali lenyewe.

"Ana sketi ya bluu," Chiku aliendelea, bado akizunguka. "Pindo limeshonwa kwa uzi mweupe. Hajui kwamba mimi nipo."

"Uzi wa bluu ulikuwa umeisha," Mwanvita alisema. "Bibi aliushona kwa uliokuwepo."

Chiku alisimama. Hakumtazama mama yake machoni. Alitazama bega lake, kama alivyokuwa akifanya zamani, kabla ya kufundishwa sekunde mbili.

"Yule ni wewe."

"Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja."

"Sasa una arobaini na saba."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hawezi kupigwa tena. Yalishapita yote."

"Yalishapita."

"Kwa hiyo nilikuwa natulia bure."

Mwanvita aliiweka bisibisi chini.

"Ulijua kwamba yumo?" Chiku aliuliza.

"Sikujua utamwona. Lakini nilijua kwamba ninaye ndani. Waliniuliza, nikasema mambo ni mazuri. Nilijua si mazuri, Chiku. Niliona aibu, na nilitaka uandikishwe."

"Na mtihani?"

"Namba imefutika. Muhuri..."

"Muhuri naujua. Swali ni kama ulijua kabla hujabinua."

"Nilijua. Leokadia aliniambia asubuhi."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Yeye pia hakuwa anauliza," Chiku alisema. Alisema bila ukali, kama mtu anayelinganisha majani mawili na kuona ni ya mti mmoja. "Anasema tu 'lete mkono'."

Pale Mwanvita alipigwa, na safari hii hakuwa na wa kumchomea fimbo. Alitamani kujitetea, na maneno alikuwa nayo, maisha yake yote alikuwa fundi wa maneno. Aliyaacha yapite.

"Kesho nakwenda Bodi," alisema baadaye. "Nitaandika ukweli wote. Walibandike jina langu wanapotaka. Nitawauliza pia ni wazazi wangapi wengine walijibu kama mimi."

"Watanirudishia namba?"

"Sijui. Nadhani mwakani."

"Mwakani ni mbali." Chiku aliishika kamba ya nguo kwa mikono miwili. "Ningevumilia wiki tatu. Ungeniuliza, ningekwambia nitavumilia wiki tatu."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza."

Chiku aliondoka. Alipita kando ya choo mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya ua wa michongoma, akachuchumaa huko, mgongo ukielekea nyumbani. Mwanvita hakumfuata. Alikaa na ile punje kiganjani ikipoa. Mwadhini aliadhini alasiri, jirani alianua nguo, vipanga vilirudi vitupu kutoka stesheni, na bado hakuinuka, maana hakujua kama bado alikuwa na haki ya kumwita mtoto aje ale.

Chiku alirudi mwenyewe, magoti yakiwa na udongo mwekundu.

"Nimekukasirikia," alisema. "Sijui itaisha lini. Nitakwambia ikiisha."

"Sawa."

"Nina swali lakini. Yule mtoto alikuwa anafanya nini na vidole? Mimi naona mwisho wake tu, pale anapoacha. Mwanzo wake sijauona."

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Mwanvita hilo. Hata mwalimu aliyempiga kwa sababu yake. Ilibidi alitafute mbali sana.

"Nilikuwa nasuka," alisema polepole. "Bibi alikuwa akisuka ukili wa mikeka, mimi nasuka hewani. Kila neno la mwalimu ukindu mmoja. Nikiyasuka hayapotei. Nikikaza mikono, yanakimbia yote, nakaa pale sisikii kitu. Basi naonekana mjinga, nachapwa na kwa hilo."

Chiku aliitikia kwa kichwa haraka, mara nyingi, vidole vyake vikienda. "Ndiyo. Ndiyo, yanakimbia. Nionyeshe."

"Sasa?"

"Nionyeshe ulivyokuwa unasuka."

Mwanvita aliinua mikono. Ilikuwa mikono ya fundi, yenye makovu ya nyaya na ya pampu, imefungua vitu vingi vilivyokataa kufunguka. Ilifika usawa wa kifua ikagoma. Harufu ya ugoro ilimjaa puani kama vile mtu ameinama begani kwake, na viganja vikaanza kuwaka.

Chiku alikuwa anamtazama kwa makini, kichwa ameinamisha. "Yupo?"

"Yupo."

Mwanvita alitaka kumwambia aende ndani, kwamba kazi hii si ya mtoto na haikuwa ya mtoto tangu mwanzo, kwamba safari hii mama ndiye atakayesimama. Lakini Chiku alikuwa tayari amevuta kigoda, akakiweka kati ya mama yake na mahali pale pasipo na mtu, akakaa, akageuzia huko uso.

"Basi mimi nitamwangalia yeye," alisema. "Wewe suka."